Dada, Jina Ulilotaka Kuniambia Kutoka Umm Salal

Mpendwa Dada Mwanaidi,

Leo nimefagia chumba cha Mama. Watu wa matanga wameshatawanyika, nyumba ya Muheza imebaki na mimi na kuku wake watano, na nilipokuwa nakunja khanga zake niliwaza kwamba hakuna tena mtu wa kuniuliza habari zako. Miaka saba Mama aliuliza na mimi nikajibu. Katika kujibu huko kuna jambo moja nilimficha, na kuna jingine sikumwambia mtu yeyote. Sasa naye hayupo, nimeona nikuandikie wewe. Najua barua hii haina pa kwenda. Lakini jambo ukilinyamazia sana linaanza kuonekana kama halikutokea, na haya yalitokea.

Nilifika Doha mwaka 2007, wewe ukiwa umeshakaa kule miaka minne. Ulikuwa umeondoka baada ya ndoa yako kuvunjika, ukaajiriwa kazi za ndani na familia moja ya Umm Salal, kaskazini ya mji. Uliposikia hoteli moja ya West Bay inachukua wasichana wa kusafisha vyumba, ukanipigia simu mara tatu kwa siku moja mpaka nikakubali. Nilidhani utanipokea uwanja wa ndege. Hukuruhusiwa kutoka. Ikabidi ningoje hadi Ijumaa ya tatu, ndipo walipokupa saa nne za mapumziko, ukaja na baibui lako na viatu vya plastiki, ukanishika mashavu katikati ya mtaa wa Mushaireb, ukaniangalia kama mtu anayekagua mzigo uliotoka safari.

"Umekonda," ulisema.

"Na wewe je?"

"Mimi nimezoea."

Tulikunywa chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi, tumesimama, kwa kuwa Mushaireb siku ya Ijumaa haikuwa na pa kukaa. Wanepali, Wahindi, Wabangladeshi, watu wetu wa Tanga na Mombasa na Kampala, wote wamemiminika pale kununua vocha na sabuni na kusikia lugha zao. Mimi nilikuwa nashangaa maghorofa ya upande wa pili. Wewe uliangalia chini.

"Zai, unajua maana ya Mushaireb?"

"Si jina la mtaa tu?"

"Maana yake mahali pa kunywa maji. Hapa palikuwa na kisima. Wenyeji walikuwa wavuvi na wazamia lulu, wanakaa kule ufukweni, maji yao yote chumvi. Wakitaka ya kunywa wanapanda huku. Mji mzima huu unaouona ulianza na watu wenye kiu."

"Nani kakwambia?"

"Bibi wa kazini kwangu."

Tangu utotoni ulikuwa hivyo. Mama akienda kuuza machungwa stendi, wewe ndiye uliyenibeba, ukanipikia uji, ukanifundisha kusoma kwa ile atlasi ya shule iliyochanika upande wa Amerika. Kabla sijajua kuandika jina langu nilishajua Pangani inaanzia wapi na Rufiji inaishia wapi. Uliishia darasa la saba kwa sababu lazima mtu abaki nyumbani na mimi. Ungepata nafasi ungekuwa mwalimu wa jiografia. Badala yake ukawa mtu wa kumwogesha Bibi Lulwa.

Bibi Lulwa alikuwa mama yake mwenye nyumba, mzee wa miaka themanini au zaidi, miguu imekwisha na kumbukumbu inaondoka kidogo kidogo. Wajukuu walimbusu kichwani asubuhi, kisha kila mtu akaenda zake, akabaki nawe. Ulinisimulia siku mambo yalipoanza. Ulikuwa umempelekea chai, ukamkuta ameegemea mito, amefumba macho. Ukamwita kwa Kiarabu, hakujibu. Ukajisemea tu kwa Kiswahili, "Haya, leo hutaki chai yangu." Akafumbua macho akasema, "Maji." Ukadhani umesikia vibaya. Akasema tena: "Maji. Njoo. Lala, mwanangu, lala." Sinia likakuponyoka.

Kwa siku nyingi baada ya hapo alikusimulia, na wewe Ijumaa ulizopata ulinisimulia mimi. Alilelewa na mwanamke aliyeitwa Mabruka, mtumwa wa baba yake, aliyeletwa akiwa mtoto kutoka nchi waliyoiita Sawahil. Yaani kwetu. Familia ilikuwa na kisima kule Umm Salal, kwenye rawdha, bonde dogo ambamo mvua chache za jangwa hujikusanya na kuzama. Ulinieleza kwa kidole juu ya kiganja chako: nchi ile ni bapa, haina mto, haina mlima, mvua ikinyesha siku mbili tatu kwa mwaka, maji matamu yanazama na kutulia juu ya maji ya chumvi yaliyo chini zaidi, kama mafuta juu ya mchuzi. Anayejua kuchota anachota ya juu. Mabruka alijua. Alivuta ndoo ya ngozi tangu alfajiri, akanywesha mitende, ngamia na watu.

Mumewe, mtumwa vilevile, alikuwa akipelekwa kuzamia lulu, na msimu mmoja mashua ikarudi bila yeye. Baadaye lulu zenyewe zikakosa mnunuzi, ikaingia miaka ya njaa. Bibi alikumbuka nyumba zilizobaki milango wazi, watu wamehama. Walionusurika Umm Salal walikula tende za rawdha ile na kunywa maji ya kisima kile. Mafuta yalikuja nyuma, na nyuma ya mafuta mitambo ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, na nyuma ya mitambo hakuna aliyekumbuka kisima.

"Lakini Mabruka si jina lake," uliniambia. "Walimpa wao. Jina aliloitwa na mama yake alikuwa akimwambia Lulwa peke yake, akimlaza. Akamwapisha asilisahau."

"Analo?"

"Amelisahau. Analia kila akifika hapo."

Ulianza kuandika yote hayo kwenye daftari la mistari. Mimi, Dada, nilikuwa nakusikiliza nusunusu. Nilikuwa nasafisha vyumba kumi na sita kwa siku, mgongo unaniuma, na mji ule kwangu ulikuwa shuka, taulo na kengele ya lifti. Ulipoanza kusema habari za kisima nilikuwa nawaza usingizi. Uliliona hilo na hukunilaumu. Ulisema tu, "Siku moja nitakupeleka."

Ulinipeleka kweli, mwezi wa kwanza, wakati hewa ya kule inapokuwa na ubaridi. Bibi ndiye aliyeomba, na mwanawe hakuweza kumkatalia. Dereva alikuwa Otieno, Mkenya wa Kisumu, ambaye aliongea na Bibi Kijaluo, Kiingereza na Kiswahili bila kujali kama anaelewa. Alimwita Shosho, yaani bibi kwa maneno ya mitaani ya kwao Kenya. Ulinipitia hotelini, nikaingia kwenye gari nikiwa bado na sare.

Shamba lilikuwa dogo kuliko nilivyofikiri. Mitende mingi ilikuwa imekauka vichwa, imesimama kama nguzo za nyumba iliyoungua. Kibanda cha mfanyakazi Mbangladeshi, pampu yenye kutu, na katikati kisima kilichofunikwa zege. Kiti cha magurudumu cha Bibi kikazama mchangani. Otieno akachuchumaa mbele yake.

"Shosho, shika shingo vizuri. Mimi nitakuwa ngamia wako leo."

Bibi alicheka. Ndipo nilipoona kwamba mzee yule ana meno. Alibebwa mgongoni, kidole kimenyooka, huku, hapana, kule, mpaka tukafika kwenye mkunazi mmoja mkubwa, mkunazi kama wa kwetu, miiba ileile na majani yaleyale. Chini yake palikuwa na mawe yaliyopangwa, mengine yamezama. Alisema maneno machache, ukatafsiri: "Hapa ndipo alipo. Nilikuwa bi harusi wa mwezi mmoja alipokufa. Aliomba azikwe karibu na maji, kwa kuwa kwao kulikuwa na mto."

"Mto gani, Bibi?" ulimuuliza kwa Kiarabu, kisha ukaanza kuitaja mito kama vile umefunua ile atlasi. "Pangani? Zigi? Umba? Wami?" Kila mto akatikisa kichwa. Hakujua. Ulirudia tena polepole, ukimtazama usoni kama angeweza kushtuka kwenye mmoja. Tukasoma Fatiha. Otieno, Mkristo wa watu, alivua kofia akainamisha kichwa.

Kabla ya kuondoka yule Mbangladeshi alituchotea maji ya pampu kwenye kikombe. Ulimwonjesha Bibi. Akayatema.

"Chumvi," ulisema. "Pampu zimevuta yote ya juu."

Ndani ya gari ulinishika mkono njia nzima. "Zai," ulisema, "nikilipata jina lake nitajua ni wa wapi. Huenda ana watu. Huenda wapo mpaka leo wanaosimulia mtoto aliyepotea."

Nilikujibu, "Dada, ni miaka mia moja."

"Kwa hiyo?"



Sasa nafika mahali ambapo kila siku nimekuwa napazunguka. Ilikuwa mwezi wa tano, miaka miwili baadaye. Bibi alikuwa hatoki kitandani tena. Nilikuwa ghorofa ya ishirini na moja, kitanda nusu kimetandikwa, msimamizi amesimama mlangoni na karatasi yake, na wewe ukapiga simu. Hukuwahi kupiga saa za kazi. Nikashtuka nikapokea, nikidhani ni habari mbaya za Mama.

"Zai! Amelitaja!"

"Nani?"

"Bibi! Amelitaja jina lake! Asubuhi hii, nilikuwa namkanda miguu, akalitamka tu, mara mbili. Ni jina la kwetu, Zai. La kwetu kabisa. Sikiliza…"

"Dada, niko kazini. Naangaliwa. Utaniambia Ijumaa."

Ukacheka. "Sawa. Ijumaa." Sauti yako ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya harusi yako.

Bibi Lulwa alifariki Jumatano. Ijumaa ile hukutoka, nyumba ilijaa watu wa tanzia, nawe ulikuwa unapika na kuosha vyombo tangu asubuhi. Ijumaa iliyofuata vilevile. Tulizungumza kwenye simu mara tatu baada ya hapo, na ninaweza kukumbuka kila tulichosema. Ulimlilia Bibi. Mimi nililalamika habari za zamu. Mara zote tatu sikukuuliza jina. Nadhani ulikuwa unangoja niulize. Nadhani ulitaka uone kama ninajali, na ulipata jibu.

Kisha zikaja habari za barabara. Mji ulikuwa unapanuka kuelekea kaskazini, barabara kuu inapanuliwa, na Otieno ndiye aliyekuambia kwamba kuna vigingi vyenye rangi nyekundu vimepita katikati ya shamba. Ulikwenda kwa mwenye nyumba, jambo ambalo hukuwahi kulifanya kwa shida yako yoyote. Ulinieleza mlivyozungumza. Hakukufokea. Alikukalisha kwenye kiti.

"Mwanaidi, shamba si letu tena. Limeshachukuliwa."

"Kuna kaburi, Baba. Chini ya mkunazi."

"Nani kasema?"

"Mama yako."

"Mama yangu miezi ile ya mwisho alikuwa ananiita kwa jina la baba yangu. Nitawaambia nini mainjinia? Kwamba mama yangu mgonjwa alimwambia mfanyakazi wangu?" Kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio uliokukata zaidi: "Hayo mambo ya watu wa zamani tuyaache. Hayamfurahishi yeyote."

Alhamisi moja ya mwezi wa saba ulinipigia. Nakumbuka nilikuwa nimelala chali kwenye kitanda cha juu, mabweni ya wafanyakazi, kiyoyozi kinavuja.

"Kesho una mapumziko," ulisema.

"Ndiyo, ya kwanza baada ya siku kumi na tatu."

"Otieno atanishusha shambani asubuhi. Pampu wameshaing'oa, wafanyakazi wameondoka. Nataka niyatoe yale mawe niyapange upande wa pili wa vigingi, barabara isikofika, alama yake ibaki, na mafundi wakija waone kuna kaburi wasimame waulize. Njoo tuwe wawili. Saa moja tu."

Nitaandika nilichokujibu kama nilivyokisema, kwa sababu nimekificha mno. Nilisema: "Dada, unahangaikia mifupa ya mtu usiyemjua. Mama yako yuko hai Muheza, miaka yote hii hajakuona. Ukimaliza kumzika huyo, mkumbuke na aliyekuzaa."



"Pumzika, mdogo wangu," ulisema.

Ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Hukuyasema kwa hasira. Ningeweza kuishi nayo kama ungeyasema kwa hasira.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Otieno. Alikushusha saa nne asubuhi, ukiwa na chupa mbili za maji na glavu za jikoni. Alikuwa arudi baada ya saa moja. Nyumbani akaambiwa awapeleke watoto kwenye mkahawa kule The Pearl, kile kisiwa cha kutengenezwa, na huko akaambiwa asubiri. Alikupigia, hukupokea. Akapiga tena. Alimwomba mama wa watoto ruhusa, akaambiwa dakika kumi, zikawa nyingi. Alipofika shambani ilikuwa saa tisa kasoro, joto la mwezi wa saba, lile ambalo ukigusa mlango wa gari unaungua. Alikukuta umelala ubavu chini ya mkunazi, glavu bado mkononi. Chupa zote mbili tupu. Mawe saba yalikuwa yameshavuka vigingi, yamepangwa vizuri, kichwa na miguu. Ulikuwa unapumua.

Mimi nilikuwa nimelala, Dada. Siku nzima ile. Niliamka jioni nikakuta simu za Otieno hazihesabiki.

Hospitalini nilikaa ubavuni mwako hadi adhuhuri ya siku ya pili. Nilikuita kwa majina yote. Nilikuuliza lile jina. Ndiyo, nilikuuliza wakati ule, mdomo kwenye sikio lako, nikijua husikii: "Dada, alikuwa anaitwa nani?" Muuguzi Mfilipino alinishika bega. Basi.

Nilikuosha mimi pamoja na wanawake wawili wa Kizanzibari niliowakuta pale, Mungu awalipe. Viganja vyako vilikuwa vimechubuka ingawa ulivaa glavu. Kisha wanaume wakakuchukua, na mimi nikabaki nje ya geti, kwa kuwa kule wanawake hawaingii makaburini. Mwenye nyumba alikwenda, alilia, nilimwona. Otieno naye aliingia, akasimama kando. Aliporudi alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Zai, sikiza. Ni mstari wa nne kutoka kwa ukuta, ile side ya kulia, karibu na mwisho. Hawaandiki jina, wanaweka jiwe tu. Lakini nimeshika. Mstari wa nne. Mimi sitasahau."

Nilimpigia Mama. Aliponyamaza kulia swali lake la kwanza lilikuwa: "Yuko wapi?" Nikamwambia kama nilivyoambiwa. Mstari wa nne kutoka ukutani. Alirudia kwa sauti, mara mbili, mtu akikariri njia ya kwenda kwa jamaa.

Sanduku lako nililetewa hotelini. Nguo, picha ya Mama, lile daftari. Nilisoma lote kwa siku moja. Umeandika vizuri, Dada, kwa mwandiko wa mwalimu: visima vya pwani na visima vya ndani, Mushaireb, rawdha za kaskazini, umeandika mvua inaingia wapi na chumvi inapandia wapi, miaka ya njaa, watu waliohama na waliobaki. Ukurasa wa mwisho ni wa mwezi wa tatu. Baada ya hapo karatasi nyeupe. Jina hukuliandika. Hukuwa na muda, au ulitaka kwanza ulisikie likitamkwa na mtu wa kwenu. Sijui. Nimepekua hadi ndani ya jalada.

Mkunazi uling'olewa kabla mwaka haujaisha. Mushaireb nayo ikabomolewa kipindi kilekile, mtaa kwa mtaa, ili ijengwe upya, ikazungushiwa mabati yenye picha za majumba yatakayokuja. Watu wetu wakahamia kukutana sehemu nyingine. Barabara ya kaskazini ilipofunguliwa nilikodi teksi nikapite pale. Nilimwambia dereva apunguze mwendo.

"Wapi, sister?"

"Hapa, hapa."

"Hapa hakuna kusimama," alisema, na kweli, tulishapita. Lami njia nne kila upande. Sikuweza hata kukadiria.

Nilirudi Muheza mwaka 2013. Nilijaribu kulitafuta jina. Nilizunguka kwa wanawake wazee, huku Muheza na kule Magoroto, nikawauliza zamani watoto wa kike walikuwa wakiitwaje. Walinitajia majina mengi, mengine mazuri sana, mengine sikuwahi kuyasikia. Nikayaandika. Halafu siku moja nikaona upumbavu wangu: hata kama lile lenyewe limo humo, nitalijuaje? Mtu pekee wa kusema ndilo au silo ni wewe. Nikaacha.

Mama alikuwa na mstari wake wa nne. Kila alipomaliza kuswali alikuombea na kuutaja, kama anamwelekeza malaika asipotee. Wageni wakija aliwaambia. Kijana wa jirani alipopata kazi ya ulinzi kule, Mama alimshika mkono: "Ukipata nafasi, ni mstari wa nne kutoka ukutani, upande wa kulia." Ilikuwa inamtuliza. Mtu aliyejua mahali mwanawe alipo.

Mwaka juzi Otieno alipiga simu. Alikuwa anamaliza mkataba, anarudi Kisumu moja kwa moja, na kabla ya kuondoka alikwenda kukuaga. Nilisikia tangu salamu kwamba kuna kitu.

"Zai, sijui nikuambie aje."

"Niambie tu."

"Wamesogeza ukuta. Makaburi yamekuwa mengi, wamepanua. Ule ukuta wa zamani haupo. Nimehesabu kutoka huu mpya, nimehesabu kutoka upande ule mwingine, nimeuliza yule mzee wa hapo, hana habari. Mawe yote ni sawa, Zai. Yote ni sawa." Akaanza kulia, mwanaume mzima. "Nilikuambia sitasahau. Sijasahau. Lakini sasa haisaidii."

Nilimwambia asijilaumu. Nilimshukuru kwa kukubeba siku ile. Nikakata simu nikaingia ndani, Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Nani huyo?"

"Otieno. Anarudi kwao."

"Amekwenda kwa Mwanaidi?"

"Amekwenda."

"Amepaona?"

"Amepaona, Mama. Mstari wa nne."

"Alhamdulillahi," alisema, akaendelea na mchele.

Sikumwambia siku ile wala siku nyingine. Wiki ya mwisho, homa imempanda, aliniuliza kama nitakwenda siku moja, nikasema nitakwenda, akanielekeza njia kana kwamba mimi ndiye mgeni. Nikamwitikia kila neno. Alikufa akijua mahali ulipo, Dada. Mimi ndiye nisiyejua.

Siombi unisamehe. Ningependa, lakini wa kunijibu hayupo, na sitaki kujidanganya kwamba ukimya wako ni ndiyo. Nimekueleza tu ilivyokuwa, yote, hata lile la simu. Sitakuandikia tena, sina jingine nililokuficha. Lala, Dada yangu, popote walipokulaza.

Ni mimi mdogo wako, uliyemlea mgongoni,

Zainabu